Nyumba isimeze mtaji wa duka

Tangu Benki ya Nyumba Tanzania ifungwe mwaka 1995, wengi wamejenga kwa fedha za mfukoni, tofali kwa tofali. Ndivyo zilivyoota Mbagala na Bunju. Kwa wanandoa wafanyabiashara hatari iko hapo: mauzo ya leo yanageuka saruji na nondo, kesho rafu za duka ni tupu na nyumba haijafika kwenye lenta.

Watenge kwanza fedha za kununulia bidhaa, ada za shule na akiba ya miezi mitatu. Kinachobaki ndicho cha kujengea. Wakikopa, marejesho yaweze kulipwa kwa kipato cha mmoja, maana biashara huyumba. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Basi kiwango nacho wakubaliane kabla ya kwenda benki.