Mzee Hajafa, Mwacheni Anunue Spika Zake

Baba mdogo alipopata kiinua mgongo chake aliita kikao cha ukoo. Alitwambia kwamba nyumba ya Masaka imekwisha, ada za wadogo zetu wawili zimewekwa benki, na sehemu ya kilichobaki ataitumia kujenga mfumo wa muziki wa nyumbani, mzuri kabisa, ambao hataubadilisha tena hadi afe. Watu walinyamaza. Kisha shangazi akauliza kama mzee wa miaka 60, anayelitazama kaburi, anahitaji spika za bei ya gari. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na nikaongeza kwamba sabufa ya laki nne ingemtosha kabisa.

Naandika insha hii kwanza kujisuta mwenyewe. Halafu nawasuta ndugu zangu, na pamoja nao yule muuza vifaa wa Kampala ambaye baba mdogo alimwendea wiki iliyofuata. Ukiwatazama harakaharaka utadhani hawa ni maadui: ndugu walitaka mzee asitumie kitu, muuzaji alitaka atumie vyote. Lakini kosa lao ni moja. Wote walimtazama mtu mwenye afya, mwenye uwezekano wa kuishi miaka 20 zaidi, wakamwona kama mtu aliyekwisha.

Baba mdogo alikuwa askari polisi. Tulikulia kambini, katika vibanda vya bati vya mviringo tulivyoviita unipoti, na ndiyo sababu mimi ni Mganda niliyeanza kuongea Kiswahili kabla ya kujua kukiandika. Watoto wa Kiacholi, wa Kiteso na wa Kiganda hatukuwa na lugha nyingine ya kugombania mpira. Katika kibanda chake kulikuwa na sanduku la santuri ndogo za rumba ya Kongo, nyingi za miaka ya 1960 na 1970. Alizipiga kila Jumapili, lakini kwa sauti ya chini sana, kwa sababu ukuta wa bati hauzuii kitu na jirani ametoka zamu ya usiku amelala. Amesikiliza hivyo miaka yote ya kazi. Sasa ana nyumba ya matofali na jirani wa karibu yuko ng'ambo ya shamba la migomba. Anataka kuzisikia santuri zile kama zilivyo. Sioni upuuzi hapo. Kama angesema anataka ng'ombe watano wa maziwa, hakuna ambaye angecheka, ingawa ng'ombe nao hufa.

Nilimsindikiza dukani kwa sababu ya aibu. Muuzaji alikuwa mpole, alimwita mzee kila baada ya maneno matatu, akamkalisha kwenye kochi la ngozi. Neno aliloliuza siku ile lilikuwa "mwisho" kuliko hata spika. "Mzee, huu ni mfumo wako wa mwisho. Usikubali kujuta." Bei yote ilifika milioni 46, na ndani yake zilikuwemo milioni mbili na nusu za nyaya za spika peke yake. Kila baba mdogo aliposita, neno lile lilirudi. Mtu akiambiwa kwamba hatapata nafasi nyingine, huacha kuuliza maswali ambayo angeuliza akinunua jembe.

Basi niyaulize mimi hapa.

Masikio ya kijana husikia mitetemo kuanzia hezi 20 hivi hadi 20,000 kwa sekunde. Umri hupunguza upande wa juu kidogo kidogo, na watu wengi wa miaka 60 hawasikii sana kinachopita hezi 12,000. Si ugonjwa wa aibu, ni mwili tu. CD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, huhifadhi sauti hadi juu kidogo ya hezi 20,000. Sasa muuzaji alitaka mzee alipie mashine ya kusoma rekodi za "kiwango cha juu" zinazobeba mitetemo hata maradufu ya hiyo. Nani ataisikia? Popo wa kwenye migomba? Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society matokeo ya wasikilizaji walioombwa kutofautisha rekodi za kiwango hicho na sauti ile ile iliyopitishwa kwanza katika kiwango cha CD. Katika majaribio 554 walipatia mara 276. Ungerusha shilingi hewani ungepata vivyo hivyo. Tena tukumbuke anachosikiliza baba mdogo. Rumba ya miaka ya mwanzo ilirekodiwa Léopoldville kwa mkondo mmoja wa sauti, si miwili, kwa mitambo ya enzi ile. Juu kule hakuna kitu kilichojificha kikingoja mashine ya milioni tisa.

Nyaya nazo. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ule ule ambao fundi umeme aliutumia kwenye soketi za nyumba yake, una ukinzani wa takriban omu 7 kwa kilomita. Kutoka amplifaya hadi spika ni mita tano, kwenda na kurudi kumi. Hiyo ni omu 0.07 mbele ya spika ya omu 8, yaani chini ya sehemu moja katika mia. Muuzaji alituazima nyaya zake kwa siku mbili, akiwa na hakika tutarudi na pesa. Tulichukua mfumo mdogo wa binamu yangu, tukafunika nyuma kwa shuka, tukabadilisha nyaya huku mzee ametazama ukutani. Alipatia mara 6 kati ya 12. Alipozitazama kabla ya kusikiliza alisema zile za milioni mbili na nusu ni "tamu zaidi". Hakuwa anadanganya. Floyd Toole na Sean Olive walionyesha mwaka 1994 kwamba watu wale wale, wakisikiliza spika zile zile, hutoa alama tofauti wakiziona na wakifichwa. Macho huingia sikioni. Dukani hata mimi niliapa kwamba amplifaya ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza, hadi nilipogundua kuwa ilikuwa imefunguliwa sauti zaidi kidogo.

Wati 300 sitazijadili sana. Spika ya kawaida ya nyumbani hutoa desibeli 85 hadi 90 kwa wati moja tu ukiwa mita moja mbele yake, na kutoka wati 150 kwenda 300 unaongeza desibeli 3, tofauti ambayo mgeni sebuleni hataitaja.

Hapa mwenzangu wa darasani aliyesoma rasimu hii aliniambia: basi shangazi alikuwa sahihi, sabufa ya laki nne inatosha. Hapana, na hapa ndipo ninapogombana na ndugu zangu kwa nguvu ile ile. Spika hazifanani. Tofauti kati ya spika nzuri na mbaya ni kubwa, hupimika, na wasikilizaji waliofichwa huitambua tena na tena: hupenda ile isiyopendelea sauti yoyote, inayotoa mbele na pembeni mlio unaokubaliana. Ile sabufa niliyoipendekeza kikaoni imetengenezwa ingurume. Ndani yake gitaa la besi huwa kishindo kimoja na magitaa matatu ya rumba, ambayo kila moja lina njia yake, huwa uji. (Kwetu siku hizi "sabufa" ni jina la kila sanduku linalotoa muziki, lugha yenyewe imekubali ngurumo kuwa ndiyo muziki.) Kumwambia mzee aliyesikiliza kwa kunong'onezwa miaka yote kwamba uji unamtosha, eti kwa sababu masikio yake yamechoka, ni dharau. Sauti kali za juu kabisa zimemwondokea, ndiyo. Besi na katikati, mahali zinapokaa sauti za waimbaji na magitaa, bado anazo zote.

Na kuna kitu ambacho muuzaji hakukitaja hata mara moja, kwa kuwa hakiuzi: chumba. Sebule ya Masaka ina sakafu ya vigae, kuta tupu, na bati juu. Piga kofi moja utasikia linalia kama senti iliyoanguka ndani ya birika. Kutoka ukuta wa spika hadi ukuta wa nyuma ni mita 4. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mtetemo wa hezi 43 hivi unajikunja kati ya kuta hizo na kusimama. Uzi mnene wa gitaa la besi huanza hezi 41. Maana yake noti za chini kabisa za rumba hunguruma ukikaa ukutani na hupotea ukikaa katikati ya chumba. Hakuna waya wa bei yoyote unaorekebisha hilo. Kusogeza kiti kunarekebisha, bure. Zulia zito, mapazia na kabati la vitabu vinarekebisha lile kofi. Bati ni kazi kubwa zaidi, maana mvua ya Masaka ikianza, mfumo wa milioni 46 na redio ya betri ni sawa: huvisikii vyote. Sehemu kubwa ya fedha yetu iliingia kwenye dari mbili za jipsamu na pamba nzito katikati. Ndugu zangu waliita hiyo "matengenezo ya nyumba" na hawakulalamika.

Kama neno "mwisho" lina maana yoyote ya haki, ni kudumu na kutengenezeka. Spika nyingi zina pete ya sponji inayoshika koni, na sponji hiyo huoza baada ya miaka kumi na kitu. Ya raba huishi zaidi. Amplifaya iwe ile ambayo fundi wa mjini Masaka anaweza kuifungua na kubadilisha kapasita, si sanduku linalotaka kurudishwa Ulaya. Kanda ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na umeme wetu hupanda na kushuka, kwa hiyo stabilaiza na mazoea ya kuchomoa plagi mawingu yakija vina thamani kuliko nembo ya dhahabu. Na sindano mpya ya santuri, kwa sababu iliyochakaa hukwangua mifereji, na santuri zile hazinunuliki tena.

Tulinunua spika mbili nzuri zilizotumika, zenye pete za raba, kutoka kwa mgeni aliyekuwa anahama Kampala, na amplifaya ya kawaida. Pamoja na dari, hatukufika milioni 15. Kitu kimoja alikataa kunisikiliza: mashine ya kupigia santuri, nzito, yenye mbao za rangi ya asali, ambayo ilikula milioni nne peke yake. Nilimwambia ya milioni moja ingetoa sauti ile ile, nikamwonyesha vipimo. Alisema vipimo ameviona, na kwamba hii ataitazama kila siku. Bado tunabishana, na kila nikienda huniomba nipanguse vumbi la mfuniko wake kabla hajaweka santuri.