MWANAGENZI WA NGOZI APEWE MUDA

Zinapotajwa kazi za amali hapa Visiwani, aghalabu husifiwa uchongaji wa milango na ushonaji wa kofia. Ushonaji wa ngozi hukumbukwa mwisho, ingawa makubadhi yamevaliwa katika mwambao huu tangu enzi za babu zetu. Sisi tunaona wakati umefika wa kuupa heshima yake, na mahali pa kuanzia ni mkoba mdogo wa kushika mkononi.

Tumeuchagua kwa sababu. Mkoba huo hauna mshikio wala zipu. Ni vipande viwili vya ngozi, tuseme upana sentimita 24 na kimo 18, vinavyoshonwa pande tatu. Mshono wake ni sentimita 60. Yakitobolewa matundu kila baada ya milimita 4, mwanagenzi atatoboa matundu 150 hivi kwa maharazi, na kila tundu litapitiwa na sindano mbili, moja kutoka kila upande, zilizotungwa katika ncha mbili za uzi mmoja uliopakwa nta. Uzi wenyewe hukatwa mara nne ya urefu wa mshono. Hii si kazi ya kumalizwa baina ya adhuhuri na alasiri, hasa kwa anayeanza, ambaye mkono mmoja huvuta kwa nguvu na mwingine kwa uvivu, mshono ukaenda upogo.

Lakini mshono wa cherehani, uzi mmoja ukikatika, huweza kufumuka. Huu wa sindano mbili, upande mmoja ukikatika, wa pili bado umeshika.

Kwa hiyo hatukubaliani na mafunzo ya siku tatu yanayofunguliwa kwa hotuba na kufungwa kwa vyeti. Cheti hakitoboi ngozi. Mwanagenzi apewe mabaki ya ngozi ayaharibu kwanza, tena kwa miezi. Ngozi ipo: kila Idd el Hajj ng'ombe na mbuzi huchinjwa, na ngozi isiyotiwa chumvi siku hiyo hiyo huharibika katika joto letu kabla ya kufika kwa wadabaghi. Wahusika wa mifugo wapeleke chumvi machinjioni kabla ya sikukuu, si baada yake.

Na ofisi za Serikali zinazogawa mikoba ya plastiki kila penye semina ziagize ya ngozi kutoka kwa vijana hao, kwa bei ya haki, hata kama tundu moja au mawili yamekaa kombo.