TUJUE UKOO WETU: Mukanda wa ndoa na mukanda wa jirani



Wengi hudhani kutafuta ukoo ni maongezi ya wazee tu. Lakini faida yake inaonekana siku ya kilio. Baba amefariki, mjane hajamaliza matanga, na ndugu za marehemu wanauliza: "Wewe uliolewa wapi? Nani alishuhudia?" Mama asipokuwa na la kuonyesha, watoto wanaanza kuitwa wageni ndani ya parseli walimozaliwa.

Kwetu Kikula kazi hii ina ugumu wake. Nkambo zetu wengi walikuja kwa kazi ya Union Minière, kutoka Kasai, Maniema, Rwanda hata Rhodesia ya Kaskazini. Kisha majina yakageuka. Jadotville ikawa Likasi mwaka 1966. Mwaka 1972 watu wakaacha majina ya kizungu, hivi kwamba Joseph wa kitabu cha ndoa ana jina lingine kabisa kwenye mukanda wa nyumba. Na mwaka 1992 na 1993, ndugu zetu Wakasai walipofukuzwa, wengi waliondoka na kile tu walichoweza kubeba.

Tuanzie wapi basi? Tuanze na ndoa. Kwa Wakatoliki, parokia inayofungisha ndoa hutuma habari kwenye parokia ya ubatizo, nayo huiandika pembeni ya jina la mbatizwa. Kwa hiyo ukijua nkambo alibatizwa wapi, unaweza kujua alioa wapi na alimwoa nani. Usisome majina ya maarusi tu. Andika na ya mashahidi. Mara nyingi shahidi ni mtu wa kijiji kimoja, ama jirani wa shamba.

Ndipo mukanda wa jirani unapoingia. Kama mukanda wa shamba lenu umepotea, ule wa jirani pengine ungalipo, na mchoro wake unaonyesha amepakana na nani. Nenda kwake kwa heshima, umweleze mapema kwamba hutafuti udongo wake. Jina la jirani likiwa pia jina la shahidi wa ndoa, na jina la bibi ya nkambo likifanana pande zote mbili, unaweza kuamini kwamba Joseph na yule mwenye jina la 1972 ni mtu mmoja. Jina moja peke yake halitoshi, maana akina Joseph walikuwa wengi.

Lakini tusidanganyane. Kwa sheria ya 1973 udongo ni wa Serikali, na cheti cha kuandikishwa ndicho kinacholinda haki ya aliyepewa. Mukanda wa jirani haukupi shamba. Unakuonyesha njia ya kufuata na majina ya watu wa kuuliza. Vilevile ndoa ya kifamilia: sheria ya 1987 inataka iandikishwe kwa etasivili katika mwezi mmoja. Ndoa ya kanisa peke yake haishiki nafasi hiyo. Aliyekosa mukanda anaweza kwenda tribinali pamoja na mashahidi, lakini mashahidi wanazeeka na kufa.

Kazi ya nyumbani ni hii. Jumapili, chukueni kaye ya mtoto, kaeni na mzee wa nyumba, mwandike: majina yote ya nkambo, ya mbele na ya nyuma ya 1972, kijiji chake, kanisa lake, majirani wa shamba pande zote. Mtoto ndiye aandike, ili akumbuke. Mikanda ya zamani ipigwe fotokopi, na ya asili isitoke nyumbani.

Na wewe mama ambaye ndoa yako haijaandikwa, zungumza na bwana yako juma hili, mungali wawili. Komini si mbali.