Ukimnunua, Hukumwokoa

Jumapili iliyopita mchungaji mmoja hapa Goma alimsimamisha muumini wake mbele ya kanisa ili apigiwe makofi. Ndugu huyo, akirudi kutoka Walikale kwa njia ya Masisi, alikuwa amemkuta kijana kando ya barabara na mtoto wa sokwe aliyefungwa kamba kiunoni. Akatoa dola, akampakia garini, "akamwokoa". Kanisa zima likaitika amina. Mimi nilibana midomo, maana Papa Mchungaji alikuwa anatuomba tumshangilie mteja.

Mtoto wa sokwe, sokomutu kama tunavyomwita, haokotwi porini kama uyoga. Anaishi ameng'ang'ania manyoya ya mama yake, na mama hamwachii mtu yeyote. Ili umpate, sharti mama aanguke, na mara nyingi wanaokuja kumtetea huanguka naye. Nyama ya wakubwa inabanikwa na kupelekwa kwa wachimbaji kwenye karé za migodi. Lakini mtoto hata sahani hajazi. Kwa nini basi mwindaji ahangaike kumbeba akiwa hai hadi barabarani, akimlisha ndizi na kumfokea asilie? Kwa sababu anajua wewe utapita. Wewe mwenye Land Cruiser, mwenye dola, mwenye machozi ya karibu. Pesa uliyomwekea mkononi imeshaagiza mtoto wa pili.

"Sasa ningemwacha afe?" Swali hili linaulizwa kwa sauti ya malaika na watu wale wale ambao wiki mbili baadaye wanapiga simu kuuliza sokwe anakunywa maziwa gani. Wengine wananiambia: "Watu wanakufa Masisi, wewe unalilia wanyama!" Vizuri sana. Basi zile dola mngewapa waliokimbia vita, si mwenye bunduki. Na bunduki ya Walikale, mnajua wenyewe, haiishii kwa wanyama.

Septemba 2022, kule Lubumbashi, wezi waliingia katika JACK, kituo cha kulea sokwe yatima, wakaiba watoto watatu wa sokwe, wakadai walipwe ndipo wawarudishe. Wenye kituo walikataa. Hawakukosa huruma, maana maisha yao yote wamewapa sokwe. Walijua kwamba ukilipa leo, wezi watarudi baada ya miezi miwili. Mtu wa kanisani kwetu angelipa, akapiga picha, akaiweka kwenye WhatsApp. Wahenga walisema tenda wema uende zako. Siku hizi tunatenda tukitazama kamera.

Na huyo "aliyeokolewa" anaishia wapi? Nilimwona mmoja nyuma ya nyumba ya mtu mwenye cheo. Alikuwa ameshakuwa mkubwa, lakini kamba ilikuwa ile ile ya utotoni, imezama kwenye nyama ya kiuno. Mikono yote miwili haikuwa na nywele. Alizing'oa mwenyewe, moja moja. Mwenye nyumba akanikaribisha soda na kunieleza jinsi anavyopenda wanyama.

Sheria tunayo tangu tarehe 11 Februari 2014, na sokwe si mali ya kuweka nyumbani. Lakini nendeni mkaone bariera zetu. Mama mwenye vikungu vitatu vya ndizi analipishwa kila kilomita chache, mizigo yake inapekuliwa hadi chini. Katoni yenye mnyama anayelia inapita kwa bei ya bia mbili. Kodi tunazijua, kazi hatuijui.

Vituo vya kweli vipo. Lwiro, kule Kivu Kusini, inalea yatima tangu 2002 na ina sokwe zaidi ya 100. Kasugho, katika Lubero, kuna GRACE ya magorila. Oktoba 2024, magorila wanne wa kike waliolelewa pale walirudishwa porini kwenye Mlima Tshiaberimu; mmoja wao anaitwa Ndjingala, jina ambalo kila aliyechimba katika mgodi wa Bisie, kule Walikale, analijua. Ilichukua miaka mingi kuwafikisha hapo. Gorila wa namna hiyo, kwa makadirio ya 2021, wamebaki kama 6,800 tu, na wote wako hapa Kongo mashariki. Tukiwatoa mmoja mmoja kwa bei ya huruma, hakuna kituo kitakachotosha.

Kwa hiyo ukimkuta mnyama barabarani, awe sokwe, kasuku au kakakuona, usiulize bei, maana ukishauliza umeshafungua soko. Kariri mahali, saa na namba ya pikipiki, kisha wapigie ICCN, taasisi ya serikali ya kuhifadhi wanyama na mbuga. Wasipokuja, wapigie tena, piga kelele hadi waje kumkamata muuzaji na kumchukua mnyama bila kulipa hata faranga. Mwindaji akibeba mtoto barabarani siku nzima na kurudi mifuko mitupu, safari nyingine hatajisumbua. Wachungaji, wenye mashirika, wakubwa wa magari: fungeni pochi zenu.