Sitakuandikia Ukurasa wa Wikipedia

Mwezi huu ni mtu wa tatu. "Niaje, wewe si unajuanga hizi vitu za mtandao? Niandikie Wikipedia nikutumie elfu kumi." Ana wafuasi kibao TikTok, ana nyimbo mbili, na anataka mtu akitafuta jina lake Google itokee picha na maelezo hapo kando kama ya watu wakubwa. Nikamwambia hapana. Akaniambia nina wivu, halafu akamalizia na ile ngonjera mnaipenda sana: Wikipedia ni ya wazungu, inatuchukia, kila kitu yetu wanafuta.

Basi leo tuongee. Mimi nimefutwa mara mbili na bado niko upande wao. Nusu.

Mara ya kwanza nilikuwa nimetoka chuo, mwaka wa pili, karo imekataa, hiyo stori tuiwache. Niko home Free Area, bando ninayo, kazi sina. Nikaamua mtaa wetu lazima uwe na makala kwa Wikipedia ya Kiingereza. Akaunti mpya haiwezi kuanzisha makala pale, inabidi ungoje siku nne na uwe umerekebisha vitu kama kumi hivi kwa makala za wengine. Nikangoja. Siku ya tano nikachukua aya nne za blogu ya msee mmoja wa hapa Nakuru, nikabadilisha maneno kama sita, nikabandika. Picha ya steji nikaitoa Facebook. Haikumaliza hata masaa mawili. Maandishi yakaenda, na picha ikafuata.

Nilikasirika vibaya sana. Nikaposti, mkanisapoti, mkasema ni ubaguzi. Lakini hebu tuambiane ukweli: hiyo ilikuwa wizi. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 haisemi picha ukiipata Google ni yako. Aliyepiga ndiye mwenyewe. Na Wikipedia ni kali zaidi kwa sababu kila kitu kinachoingia pale kinapeanwa kwa leseni huru, mtu yeyote duniani anaweza kukichukua, hata akauze. Sasa mimi nani nikapeane picha ya mtu kwa dunia nzima, na mwenyewe yuko tu hapo Section 58 hajui chochote? Nyinyi hao hao mtu akichukua klipu yenu akaweka jina lake mnalia wiki mzima. Ukweli, kwamba barabara inapita hapa au mwaka fulani kitu kilijengwa, hauna mwenyewe, chukua. Maneno ya mtu na picha ya mtu yana mwenyewe. Hapo sina kesi na Wikipedia. Walinishika mkono ukiwa mfukoni mwa mtu.

Mara ya pili niliandika kwa maneno yangu, na hii ndiyo huwa sipendi kusema.

Nilitaka kueleza jina la Free Area lilitoka wapi. Nikauliza kinyozi wangu, akanipa stori tamu sana. Nikaiandika kama ukweli, bila chanzo. Ilikaa karibu miezi miwili. Halafu mhariri mmoja akaipeleka kwa mjadala wa kufutwa, ambao huchukua siku saba: lete vyanzo au iende. Nikaanza kutafuta usiku na mchana. Siku ya tatu nikapata! Mtandao wa watu wa kuuza ploti, umeeleza historia ya Free Area vizuri kabisa. Nikanakili linki, karibu nibonyeze, halafu nikasoma tena. Ilikuwa sentensi yangu. Neno kwa neno, hadi kosa la tahajia nililofanya. Walikuwa wamenitoa kwa Wikipedia, na mimi nilikuwa naenda kuwatumia wao kuthibitisha Wikipedia. Chanzo changu kilikuwa mimi.

Nikaenda sasa kuuliza wazee, kitu ningefanya mwanzo. Watatu, stori tatu. Mmoja anaanza na masetla, mwingine anaanza na mashamba, na wa tatu akaniambia hao wawili walikuja juzi hawajui kitu. Ya kinyozi hakuna hata mmoja aliitambua. Sasa fikiria mtoto wa Form Two ameandika hiyo kwa projekti, mwalimu akamwekea tiki. Sikutoa ile linki. Nikawacha makala ifutwe.

Kwa hivyo mtu akiniambia kuulizwa "nani amesema?" ni ukoloni, huwa namuangalia tu. Hilo swali ndilo unauliza mtu akikuletea logbuku ya gari.

Nusu ile nyingine sasa, ya umashuhuri. Hapa mimi na hao wahariri hatuelewani.

Mnakumbuka Makmende, au mlisikia kwa mabigi wenu. Machi 2010 Just a Band walitoa video ya "Ha-He," jamaa wa afro anapiga watu kama sinema za kitambo. Nchi nzima ikaanza kutunga mizaha yake. Lakini neno lenyewe halikuzaliwa 2010. Watoto wa mtaani walilitumia miaka mingi kabla, limetoka kwa Clint Eastwood akimwambia adui "make my day," sisi tukasikia Makmende. Ukijifanya ngumu unaulizwa, kwani wewe ni Makmende? Mkenya wa umri fulani hahitaji kuelezwa. Mtu akaandika makala Wikipedia, ikafutwa. Ikaandikwa tena, ikafutwa tena. Kwa mhariri aliye mbali ilionekana ni upuzi. Ikaja kusimama baada ya watu kupigana, na baada ya vyombo vya nje kama CNN na Wall Street Journal kuandika kwamba Kenya ina kitu kimevuma. Yaani sisi tulikuwa tunalijua kwa miaka, lakini lilianza kuwepo Mmarekani alipoligundua.

Na si Waafrika tu. Mei 2018 rasimu ya makala ya Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, ilikataliwa kwa sababu vyanzo havikuonyesha kwamba ni mtu wa maana. Oktoba mwaka huo huo akapewa Nobel ya fizikia.

Halafu angalia hii, mimi inaniuma sana. Kwa kanuni zao, kijiji kinachotambuliwa kisheria kwa kawaida kinapata makala hata kama ni sentensi mbili. Ndiyo maana kuna maelfu ya vijiji vya Poland mle ndani, vingine vina watu hawajazi matatu mbili, kwa sababu serikali yao ina orodha safi na kuna mtu aliimwaga yote ndani kwa programu. Lakini mtaa ulio ndani ya mji lazima ujithibitishe kwa magazeti na vitabu. Nakuru ilihesabiwa watu zaidi ya laki tano na nusu 2019, ikawa jiji Desemba 2021, na mtaa mzima wa hapa unaweza kuambiwa lete ushahidi kwamba upo wa kutosha. Kanuni inasema inapima umuhimu. Inachopima ni nani alikuwa na mashine ya kuchapisha. 2011 kulikuwa na watu walijaribu India na Afrika Kusini kurekodi wazee na kutumia sauti zao kama vyanzo. Wahariri wengi wakakataa. Mimi nimeonja kinyozi, naelewa woga wao. Lakini kati ya kinyozi mmoja na New York Times kuna nafasi kubwa sana, na wao hawajajaribu kuijaza.

Sasa kabla mpige makofi, nyinyi mnaijaza na nini? Shoo imefanyika Afraha, posta ina siku ya wiki na haina mwaka. Graffiti ya matatu imechorwa na fundi mkali, hakuna aliyeandika jina lake. Historia yote ya rap ya Nakuru iko kwa stori za masaa ishirini na nne. Mtu akifungiwa akaunti, miaka mitano imeenda. Halafu tunashangaa mhariri wa Toronto haoni kitu.

Na kuna vitu viko na hatuendi kuangalia. Kenya Gazette, miongo mingi ya nakala zake imeskaniwa na inasomeka bure. Ndani kuna ploti, barabara, mipaka, majina ya kampuni zilizokufa. Inachosha kama nini. Mimi nimeikalia usiku tatu nikitafuta mtaa wangu na sikuwahi kukaa hivyo kwa lekcha yoyote.

Kwa hivyo wewe wa elfu kumi, kwanza ukilipa mtu akuandikie, tangu 2014 masharti yao yanamlazimu aseme wazi amelipwa na nani. Nikisema, watakukagua mara mbili. Nisiposema, tutashikwa wote. Pili, huna ukurasa kwa sababu hakuna mtu asiyekujua ameandika kukuhusu. Wewe ndiye uliandika kila kitu. Hata mimi. Hiyo doo mpe dogo mmoja wa hapa anayejua kuandika, aende kwa shoo za wasanii kumi, wewe usiwe ndani, aandike nani aliimba, wapi, tarehe gani, aweke jina lake, na atoe mahali hapatafutwa kesho.

Rasimu yangu ya tatu ya Free Area iko hapa kwa laptopu. Ina sentensi nne, kila moja na chanzo chake, na picha ya steji nimeipiga mimi mwenyewe, Jumapili asubuhi kabla mvua. Sehemu ya jina nimeiwacha tupu.