Kukoroga au Kutokoroga: Sayansi ya Polima na Ufinyu wa Istilahi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kueleza sayansi ya kisasa aghalabu umekuwa mjadala wa nomino. Istilahi husakwa, hutoholewa, huorodheshwa, na kazi ikachukuliwa kuwa imekamilika. Polianilini, mojawapo ya polima zipitishazo umeme, yadhihirisha ufinyu wa mtazamo huo.

Dutu hii hupatikana kwa kuichanganya anilini na kioksidishaji katika mmumunyo wenye asidi. Viambato ni vichache na majina yake hayamsumbui mtohoaji. Hata hivyo, viambato hivyo hivyo huzaa maumbo tofauti kabisa. Kioksidishaji kikitoneshwa polepole huku mchanganyiko ukikorogwa, hupatikana chembe zilizoshikamana kama madonge. Mimumunyo miwili ikimiminwa pamoja kwa mkupuo, ikatikiswa mara moja na kuachwa itulie, hupatikana nyuzi nyembamba mno. Asidi kali ikibadilishwa kwa asidi ya siki, huweza kutokea mirija.

Mwaka 2003, Jiaxing Huang na Richard Kaner, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, pamoja na wenzao, walieleza njia nyingine. Anilini iliwekwa katika kimiminika kisichochanganyika na maji, nacho kioksidishaji katika maji yenye asidi. Mmenyuko ukafanyika mpakani tu, na nyuzi zenye unene wa nanomita 30 hadi 50 zikahamia majini kabla ya polima nyingine kuota juu yake na kuzivimbisha. Tofauti hii si pambo: nyuzi hizo hutambua mivuke ya asidi na amonia upesi kuliko utando wa kawaida wa polima iyo hiyo.

Kutonesha, kumimina, kukoroga, kutikisa, kutulia: humo ndimo elimu yenyewe ilimo, na hakuna hata kitenzi kimoja kinachohitaji kubuniwa. Mpishi wa uji anavyo vyote, tena anajua madonge hutokana na nini. Anayedai kwamba Kiingereza pekee ndicho kinachofaa husahau kuwa nacho hueleza kazi hii kwa vitenzi vya jikoni. Mwanafunzi aliyekariri kuwa "usanisi" ni uundaji wa dutu changamani kutokana na dutu sahili hajajifunza lolote kuhusu nyuzi wala madonge.

Waandalizi wa kamusi za sayansi hawana budi kuvipa vitenzi na vipimo nafasi sawa na nomino. Katika maabara ya Hideki Shirakawa huko Tokyo, mwaka 1967, kichocheo kilitiwa takriban mara elfu moja zaidi ya kiasi kilichokusudiwa. Badala ya unga mweusi, ulitokea utando unaong'aa kama fedha, na utafiti uliofuata ulimpatia Shirakawa, pamoja na Alan Heeger na Alan MacDiarmid, Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2000. Faharasa ya nomino pekee ingeviita vyote viwili, unga na utando, kwa jina moja: poliasetilini.