"Clash" si "crash"

Leo tuweke msimbo kando kidogo tuongee juu ya neno moja la Kiingereza ambalo sisi waandishi wa programu tunalitumia kila siku bila kulifikiria: "clash".

Wengi hulichanganya na "crash". Programu ikianguka peke yake, hiyo ni "crash". "Clash" inahitaji wawili: mikutano miwili iliyopangwa wakati mmoja, rangi mbili zisizopatana, majina mawili yanayofanana ndani ya programu moja. Kiswahili kinalionyesha vizuri: kugonga ni kwa mmoja, kugongana ni kwa wawili. Na neno lenyewe halisemi nani mwenye makosa. Hapo ndipo tunapoteleza.

Chukua mfano wa Garissa. Somalia ilipoingia vitani mwaka 1991, kambi za Dadaab zilifunguliwa. Miaka ya ukame, baadhi ya Wakenya wa Garissa na majirani zao walijiandikisha huko ili wapate chakula, matibabu na shule. Wengine walikuwa watoto, wameandikishwa na wazazi. Walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho, alama zao za vidole zikakutwa tayari kwenye kanzidata ya wakimbizi. Kumbukumbu mbili zikagongana, maombi yakakwama, kwa wengine miaka na miaka. Bila kitambulisho husajili laini ya simu kwa jina lako, hupigi kura, na kila kizuizi cha polisi njia ya Nairobi ni mtihani.

Sasa tuulize: mashine iligundua nini hasa? Iligundua kwamba alama hizi na zile ni za mtu mmoja. Basi. Haikugundua kwamba mtu huyo si Mkenya. Kwa Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010, wewe ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku uliyozaliwa mama au baba yako alikuwa raia. Hilo linajibiwa na hati za wazazi na mashahidi, si na kidole.

Mwaka 2021 suala hili lilifikishwa Mahakama Kuu, Garissa. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kuondoa upekuzi wa ziada kwa waombaji wa kaunti za mpakani. Ni hatua. Lakini mgongano ulio ndani ya kanzidata hauondoki kwa tangazo peke yake.

Maoni yangu ni haya: "clash" ni swali, si jibu. Programu ikiukuta mgongano, ionyeshe nani atautatua, kabla ya tarehe gani, na kumbukumbu yenye kasoro itasahihishwa vipi. Tukiandika "imekataliwa" mahali pa "ichunguzwe", tumetoa hukumu bila kusikiliza shahidi hata mmoja. Kanzidata mbili zikipigana, nyasi ndizo huumia.

Nyinyi mnaotengeneza mifumo ya usajili, mnaonaje?